Jirani anajenga, kifusi chake kiko kwangu: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni muuguzi, naishi na kufanya kazi Mwanza. Nina kiwanja Goba, Dar es Salaam. Kimepimwa na hati ninayo, ila sijakijenga. Jirani wa upande wa chini anapandisha ghorofa. Mdogo wangu alipita juzi akakuta mlima wa kifusi katikati ya kiwanja, kokoto na mchanga wao umemwagwa kwangu, bikoni moja (alama ya mpaka) haionekani, na pale mpakani walipochimba shimo la tangi la maji udongo wangu umeporomokea kwao, mwembe umebaki mizizi nje. Fomani wao akamwambia, "Kiwanja chenyewe kitupu, tena tumewasawazishia bure." Mume wangu anasema tuache mpaka tutakapoanza kujenga. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na shemeji, kwa heshima zote: msisubiri. Sheria inawapa muda, hilo nitalifikia. Kinachowabana ni kijiko, ule mtambo wa kuchimbia. Leo hii jirani yako ana kijiko saiti, ana malori yanayoingia na kutoka, ana vijana wenye makoleo. Kwake kuondoa mlima ule ni kazi ya nusu siku, kwa mafuta ambayo angeyanunua hata hivyo. Kijiko kikishaondoka, itabidi akikodi upya na alipie kukisafirisha, na wakati huo yuko kwenye marumaru na madirisha, hatua ambayo hata mtu mwenye nia njema huwa hapokei simu.

Nimefanya kazi ya upimaji ardhi muda mrefu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuitwa mahali ambapo watu tayari wameshikana mashati. Katika yote uliyoandika, lililonishtua zaidi ni lile ulilolipitia kwa maneno matatu: bikoni moja haionekani.

Kifusi kinaonekana, shimo linaonekana, na vyote viwili vinasubiri swali moja: viko ndani ya kiwanja cha nani? Bila bikoni, jibu ni maneno tu. Niliwahi kuitwa Kibaha na bwana mmoja aliyegombana na jirani yake miaka mitatu kwa sababu ya rundo la mawe. Barua zilikuwa zimeandikwa, serikali ya mtaa imekwenda, diwani ameingilia. Tulipopima, rundo lote lilikuwa ndani ya kiwanja cha jirani, na ukuta wa yule mlalamikaji ndio uliokuwa umetoka nje ya mpaka wake. Sikulipwa hela yangu ya pili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumpata mpima ardhi aliyesajiliwa na kupanga naye tarehe, hata kabla ya barua na maneno makali. Mdogo wako anaweza kuanza kwa kuitafuta bikoni mwenyewe. Huenda imefunikwa na kifusi, huenda imegongwa na tairi ikalala. Akikuta kile kipande cha zege chenye chuma katikati kimeangushwa pembeni, asikiguse. Akipige picha kilipolala, pamoja na alama za matairi zilizo karibu. Na asikubali mtu yeyote, awe fomani, mwenyekiti au mzee wa mtaa, airudishe kwa kukumbuka kwamba "ilikuwa hapa hapa". Kung'oa au kusogeza alama ya upimaji ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji wa Ardhi, Sura ya 324, na bikoni iliyosimikwa na asiye mpima haiwezi kukutetea hata kama kwa bahati imeangukia mahali pake.

Hapo vijana wengi hunikatisha: "Si tuna simu, tuna GPS?" Koordineti za kiwanja chako, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo, ziko kwenye ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Viwanja vingi vya zamani vilipimwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960. Simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, itakupeleka umbali wa mita 300 hivi kutoka kwenye kiwanja chako, na hata ukizigeuza sawasawa, simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Ugomvi wa mpaka huwa wa nusu mita. Nimewahi kumkuta kijana akimwaga chokaa kuonyesha mpaka, mstari wake unapita katikati ya sebule ya mtu.

Mwambie mpima hutaki bikoni irudishwe tu. Unataka mchoro wa ukurasa mmoja unaoonyesha mpaka, ukingo wa kifusi, ukingo wa shimo, mahali udongo ulipokatika na shina la mwembe, vipimo vyote kwa mita. Huo mchoro ndio utakaozungumza kwa niaba yako ukiwa Mwanza zamu ya usiku.

Sasa huu msemo wa "tumewasawazishia bure". Nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba najua mkono wa fomani utaelekea wapi anapousema. Tuuchunguze, maana ndani yake kuna mtego. Kiwanja chako kilikuwa na udongo wake wa asili, umelala pale miaka na miaka na umeshikana. Juu yake sasa pamemwagwa mchanganyiko: udongo wa chini waliochimba, vipande vya tofali, mifuko ya saruji, mbao, pengine majani na mizizi. Kijiko kimepita juu na kuutandaza. Kwa macho panapendeza. Siku ukija kujenga, fundi atachimba msingi wa kina cha kawaida na msingi huo utakaa kwenye kifusi kisichoshindiliwa. Mbao zitaoza, mashimo yatajifunga, na nyumba itadidimia upande mmoja. Ufa utaanzia kwenye kona ya dirisha. Kuliepuka hilo utalazimika kuchimba mpaka uufikie udongo wa asili, yaani kulipa kutoa kitu ambacho hukukileta. Na maji ya mvua, yaliyokuwa yanajua njia yake kwenye mteremko ule, sasa yamezibiwa. Yatatafuta njia mpya, na lawama atakuja kupewa mwenye kiwanja.

Kwa hiyo katika madai yako usiandike "kifusi kiondolewe" tu. Andika "kifusi kiondolewe mpaka usawa wa udongo wa asili". Hayo maneno machache ya mwisho yana thamani kubwa kuliko yale ya mwanzo.

Kukipima ni rahisi, mdogo wako anaweza kwa futikamba. Rundo lililomwagwa na lori huwa na umbo la pia iliyogeuzwa. Chukua nusu ya upana wa chini, uizidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa kimo, gawanya kwa 3. Rundo lenye upana wa mita 6 chini na kimo cha mita 2 linakupa karibu mita za ujazo 19. Muulize dereva yeyote wa tipa pale mtaani lori lake linabeba mita ngapi na tripu ya kwenda kumwaga ni shilingi ngapi leo. Hapo una hesabu ya fedha, na hesabu ndiyo lugha ambayo mwenye ghorofa anaielewa. Maneno kama "wameniharibia sana" hayamfanyi mtu atoe kalamu.

Kokoto na mchanga ni jambo jingine. Hivyo vitaondoka vyenyewe kwa sababu wanavihitaji. Ila wakati vipo, kiwanja chako kimegeuzwa stoo, na stoo hulipiwa. Una haki ya kudai malipo ya matumizi kwa muda wote vilipokaa, hata kama havikuharibu hata jani. Kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa lenyewe, halisubiri hasara. Mwambie pia mdogo wako aangalie mahali wanapooshea mixa. Utakuta ganda la kijivu limekauka chini kama uji uliomwagika, mara nyingi na nyayo za mbwa ndani yake. Maji yale ya saruji ni makali, huua majani, na ganda lake lisiachwe likafunikwa na udongo.

Shimo ndilo linalonitisha. Hilo halisubiri barua ya siku 14 nitakayokuandikia hapo chini.

Udongo wa kichanga hausimami wima. Ukiwa na unyevu kidogo hujifanya umesimama, wiki moja au mbili, fundi akadhani amebahatika. Ukikauka kabisa au ukilowa sana huanguka, na huendelea kuanguka mpaka upate mlalo wake, ambao kwa mchanga mkavu ni nyuzi 30 hadi 35 hivi. Piga hesabu: kama shimo lina kina cha mita 3, mlalo huo unarudi nyuma mita 4 mpaka 5 kutoka ukingoni. Ukikuta leo pamekatika mita 2 tu, jua bado panaendelea. Mvua kubwa moja inatosha kuuangusha huo mwembe ndani ya shimo, na Mungu aepushe, pamoja na kijana aliye chini akifunga nondo. Hili mpigieni simu mwenye jengo leo hii, msingoje mpima. Mwambieni hivi: hakuna mtu kushuka humo mpaka ukingo uzuiwe. Kama hasikii, mwende kwa mhandisi wa manispaa, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, nao wana mamlaka juu ya saiti isiyo salama. Unaweza kushangaa jinsi saiti inavyobadilika siku mkaguzi anapotia mguu.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wenye viwanja vitupu hawalijui, na linawafaa kuliko lolote. Ardhi yako ina haki ya kuegemezwa na ardhi ya jirani. Jirani ana ruhusa ya kuchimba kwake, lakini hana ruhusa ya kuchimba kwa namna itakayoiangusha ardhi yako. Kanuni hii tuliirithi kutoka sheria za Uingereza, na mahakama zetu hutumia kanuni hizo pale sheria za Bunge zilipokaa kimya. Nayo kwa asili yake inailinda ardhi iliyo katika hali yake ya kawaida, isiyobebeshwa jengo. Yaani fomani anayesema "kiwanja chenyewe kitupu" amekusaidia bila kujua: utupu huo ndio unaoipa haki yako nguvu yote. Kungekuwa na nyumba yako pale juu, wakili wao angeanza kubishana kwamba uzito wa nyumba ndio ulioangusha udongo.

Baraza la Malodi la Uingereza, House of Lords, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko, liliamua mwaka 1861 kwamba dai la namna hii huanza siku udongo unapoanguka, si siku shimo linapochimbwa, na baadaye, mwaka 1886, likasema kila poromoko jipya lina dai lake. Ndiyo maana nataka mdogo wako aandike tarehe. Leo pamekatika mita 2, piga picha. Baada ya mvua pamekatika 3, piga nyingine. Hapa kwetu, dai la fidia kwa uharibifu wa aina hii lina muda wa miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Ile miaka 12 mnayoisikia ni ya kudai kurudishiwa ardhi yenyewe. Shemeji pengine aliisikia hiyo 12 akatulia.

Marekebisho ya shimo yafanyike upande wao, si wako. Ukuta wa kuzuia udongo usimame ndani ya mpaka wao pamoja na msingi wake, uwe na matundu ya kutolea maji, na nafasi kati ya ukuta na ukingo wako ijazwe udongo mzuri kwa tabaka za sentimita 20 hivi, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine. Wakijaza kwa kumwaga lori zima mara moja na kupiga piga juu kwa koleo, msimu mmoja tu patakuwa pamebonyea. Mwembe atautazama mthamini aliyesajiliwa kama mtafika huko. Kama mizizi haijakatika sana, ufunikwe udongo haraka, unaweza kupona.

Picha sasa. Mdogo wako apige za mbali zinazoonyesha jengo la jirani na kiwanja chako kwa pamoja, kisha za karibu akiwa ameweka futikamba au hata koleo ili ukubwa ujulikane. Apige video moja akitembea kuzunguka mipaka huku akitaja tarehe na anachokiona, bila kutukana mtu. Picha akutumie WhatsApp kama faili, si kama picha ya kawaida, maana ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora na taarifa za saa na mahali zinafutika. Na ile simu iliyopiga isiuzwe mpaka mambo yaishe. Picha za zamani za satelaiti kwenye Google Earth unaweza kuzirudisha nyuma mwaka kwa mwaka ukaonyesha kiwanja kilivyokuwa na kijani chake kabla ya jirani kuanza. Ni bure, na hakuna anayeweza kusema umezitengeneza.

Shahidi wako mzuri, utashangaa, ni mlinzi wa saiti yao. Anapika ugali wake chini ya mwembe wako, anajua kijiko kilikuja siku gani na nani alisema "mwageni hapo". Simwambii mdogo wako amhonge. Amsalimie, wazungumze, akumbuke aliyoyasikia.

Msipoteze nguvu na fomani. Yeye kapewa kazi ya kumaliza slabu, kiwanja chako si shida yake, na lolote atakaloahidi halimfungi mtu. Tafuta jina la mwenye jengo na la mkandarasi. Saiti inayofuata sheria huwa na bango lenye jina la mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi na namba ya kibali. Hakuna bango? Hiyo nayo ni habari ya kuipeleka manispaa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa kawaida anamjua mwenye jengo, maana alipita kwake akijitambulisha. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuamua kesi ya ardhi, lakini barua yako ikigongwa mhuri wa "imepokelewa" ofisini kwake, hakuna atakayesema hakujua.

Barua yenyewe iwe fupi. Mimi ningeandika hivi:

"Ndugu, mimi ni mmiliki wa kiwanja namba fulani, kitalu fulani, Goba, kinachopakana na ujenzi wako. Tarehe fulani ilibainika kuwa kifusi, mchanga na kokoto kutoka kwenye ujenzi huo vimewekwa kwenye kiwanja changu, bikoni namba fulani haionekani, na uchimbaji wenu umesababisha udongo wangu kuporomoka. Sikumruhusu mtu yeyote kutumia kiwanja hicho. Naomba shughuli hizo zisimame mara moja, ukingo uzuiwe, na ndani ya siku 14 kifusi kiondolewe mpaka usawa wa udongo wa asili. Mpima atafika tarehe fulani saa nne asubuhi, nakukaribisha uwepo au utume mwakilishi. Ningependa tulimalize kijirani. Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mtendaji wa Kata, Mkurugenzi wa Manispaa ya Ubungo."

Sentensi ya "ningependa tulimalize kijirani" usiiondoe hata kama una hasira. Huyu mtu mtaishi naye miaka 30. Utaazima ngazi kwake. Na asilimia kubwa ya hawa watu si wabaya. Wamekuta nafasi, wenyewe hawapo, kijiko kinalipiwa kwa saa, wakaamua. Wakipokea barua yenye namba ya kiwanja na tarehe ya mpima, wengi hupiga simu jioni ile ile na sauti imeshuka.

Akipiga, msikubaliane kwa simu tu. Andikeni makubaliano, msaini mbele ya wakili au hata mbele ya mwenyekiti mkiwa na mashahidi: nini kitaondolewa, kwa usawa gani, lini, nani analipa mpima na bikoni, ukuta wa kuzuia udongo utajengwa wapi. Kama bado anahitaji sehemu ya kuweka mchanga wake, na huna mpango wa kujenga mwaka huu, mpangishe. Nasema kweli. Kipande kilichopimwa, kwa miezi kadhaa, kwa kodi ya mwezi, pamoja na fedha ya dhamana anayoirudishiwa siku akikabidhi kiwanja kikiwa safi. Ni bora upate kodi na nidhamu kuliko kugombana na mtu ambaye atamwaga usiku. Lakini shimo na bikoni visiingie kwenye biashara hiyo. Hivyo ni vya kurekebisha, si vya kupangisha.

Anaweza kukutupia mpira: "Mdai mkandarasi." Mkandarasi naye atasema "mimi nilielekezwa na mwenye jengo." Barua iende kwa wote wawili, na ikifika kwenye baraza washtakiwe wote wawili, wakagawane lawama huko huko. Kama mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ana leseni ya kuogopea, na pengine ana bima ya mradi inayolipa madhara kwa mtu wa tatu, ambaye ni wewe. Kama ni fundi wa mtaani tu, mzigo wote uko kwa mwenye jengo.

Asiposikia kabisa, njia ni hii. Baraza la Kata kwanza. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha. Likishindwa linakupa hati ya kusema limeshindwa, na zikipita siku 30 bila usuluhishi unaweza kuendelea hata bila hati hiyo. Kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako unaweza kuomba pia zuio la muda ili uchimbaji usimame wakati shauri likisikilizwa. Na hili litakupunguzia nauli: sheria ya mabaraza inaruhusu ndugu kumwakilisha mtu mbele ya Baraza la Wilaya, na Baraza la Kata nalo linaweza kumruhusu. Mawakili ndio wasioruhusiwa pale Kata. Mdogo wako apewe hati ya uwakili iliyoandikwa vizuri ili asije akarudishwa mlangoni.

Polisi? Nenda kwa ajili ya bikoni na uharibifu wa makusudi, uchukue RB, ile namba ya taarifa uliyoiandikisha kituoni, ibaki kwenye faili. Usitegemee zaidi ya hapo kwa haraka. Jirani akisema tu "mpaka huo nabishana nao", polisi watakwambia hili ni la madai, na kwa kiasi wako sahihi, maana mahakama ya jinai haiamui nani mwenye ardhi.

Msiuze zile kokoto. Najua kuna mtu ameshamwambia mdogo wako "kilicho kwako ni chako". Si kweli. Ni mali ya mtu iliyokaa mahali pasipo pake, na siku mkiuza tripu moja, wewe uliyekuwa mlalamikaji unageuka mtuhumiwa wa wizi. Vivyo hivyo msikodi vijana wakasukumie kifusi kwa jirani usiku.

Kabla barua haijatoka, angalia nyumbani kwako mwenyewe. Kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka mwaka huu? Hati nyingi za viwanja vya makazi zina sharti la kuendeleza ndani ya miezi 36. Je, lako limepita? Sikutishi, watu wengi wamepitiliza na wapo. Lakini utakapoandika nakala kwa Mkurugenzi, faili lako litafunguliwa, na jirani mwenye wakili mzuri ataliuliza hilo hilo. Lipa kwanza, upate risiti, ndipo upige kelele.

Mambo yakitulia, kiwanja kisirudi kuwa kimya. Lile bango la "KIWANJA HIKI HAKIUZWI" huwafukuza madalali na matapeli. Dereva wa tipa halimhusu, hana haja ya kununua. Kinachomzuia dereva ni kitu kinachozuia tairi: nguzo za zege na seng'enge, au mtaro mdogo pale wanapoingilia. Michongoma ni bei nafuu na ikishakomaa hata mbuzi hapiti, ila inataka mtu wa kuimwagilia mwaka wa kwanza. Ukimruhusu mtu wa jirani alime mchicha au mihogo humo, andikishaneni kwamba amepewa ruhusa ya muda na kwamba ataondoka ukimwambia. Wapo waliolimiwa kwa wema, miaka ikapita, mkulima akaanza kusema "shamba langu".

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Mpima akimaliza, mwambie asiishie kwenye bikoni iliyopotea. Apime pia umbali kati ya mpaka na ukuta wa ghorofa, na ukuta wa lile tangi. Watu wanaomwaga kifusi kwa jirani bila kuuliza ndio hao hao ambao tangi lao hukutwa limevuka mpaka kwa sentimita 60 chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna jicho. Kama limevuka, usisaini makubaliano yoyote ya kifusi kabla hujanitumia huo mchoro.